Tisini na Saba kwa Mia

3 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na kona zake zote nne, safari hii posta hawakuikalia. Nyumbani tu wazima, isipokuwa mlango wa darasa, ambao umevimba kwa unyevu na haufungiki mpaka wanafunzi wawili wausukume kwa mabega.

Nakurudishia ukurasa wako wa tisa wa ile lugha. Umepata tisini na saba kwa mia, kama kawaida yako. Alama moja nimekata kwa pambizo, umeandika karibu mno na ukingo. Moja ni ya koma. Ya tatu ni ya lile neno la mstari wa kumi na mbili, nimelizungushia wino mwekundu na lililo sahihi nimeliandika juu yake. Usinune. Miaka thelathini na moja nasahihisha kazi za watu, tangu nilipokuwa chuo cha masomo kwa posta mpaka leo na hili darasa langu la uani, na mia kwa mia sijampa mtu. Hata nikijisahihisha mwenyewe sijipi. Nimependa pia kuona kuna neno ulilikata ukaandika jingine. Hiyo ndiyo dalili ya mtu anayefikiri kabla ya kuandika.

Wanafunzi wananiita Bwana Tisini na Saba, wanadhani sijui. Wako kumi na tisa, na kila mmoja roho yake iko huko uliko. Ijumaa huwasomea kurasa zako chini ya ile barua ya mgeni iliyo kwenye fremu, nikawaambia: huyu ni damu yangu, alianza kama ninyi, kalamu na daftari.

Sasa sikia habari. Binti yangu naye amepata nafasi. Ndiyo, Chiriku, ambaye jina lake la kweli tumeshalisahau kwa jinsi asivyofunga mdomo. Ni nyumba ya kutunzia wazee, mji wa tatu kutoka kwako, na anaondoka tarehe 19 Juni. Namfundisha mwenyewe. Nimemwambia asihangaike na vitabu vingi, azijue kurasa za dada yake kwa ghibu, zitamtosha.

Mama yake anauliza kila siku kazi yako hasa ni kazi gani. Tuambie basi, nasi tujue pa kujisifia.

Mjomba wako

*

19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimeupokea ukurasa wa tisa. Asante kwa lile neno la mstari wa kumi na mbili, nimelishika.

Kazi yangu ni ya mawasiliano. Hapa ni bohari kubwa ya vyombo vya nyumbani, na kutwa nzima nimevaa hedifoni, nasikiliza lugha ya huku na kuijibu. Msimamizi anasema hajapata mtu anayejibu upesi na bila kukosea kama mimi.

Juma lililopita kulitokea jambo. Kuna mama mmoja mtu mzima tunafanya naye kazi, yeye yuko kwenye mizani, hakuna boksi linalotoka bila kupita mikononi mwake. Mimi humwita Mama Mizani, hata yeye analijua jina hilo na hulicheka. Alianguka saa ya chakula, wenzetu wamekwenda kula, tumebaki wawili tu. Kilikuwa kiharusi. Nilikimbilia simu ya ukutani nikapiga namba ya dharura, gari la wagonjwa likaja. Yuko hai. Bohari wamenipa cheti na wamenipiga picha nikiwa nimekishika. Sipendi kuliongelea sana.

Hongera nyingi kwa Chiriku. Mwambie avae viatu vyenye soli nene.

Ukurasa wa kumi umo ndani.

Mpwa wako

*

7 Machi

Mpwa wangu,

Unasema hupendi kuliongelea. Basi tuachie sisi, maana hapa hatuna jingine.

Nimeisoma barua yako darasani mara mbili. Mara ya pili mama yake Chiriku aliacha kufua akaja kusimama mlangoni na mikono ina povu. Mpwa wangu kashika simu katika nchi ya watu, kasema kwa lugha ya watu, na mtu yuko hai. Kesho yake walikuja wapya watano na imebidi niazime benchi. Ukurasa wa kumi umepata tisini na saba.

Ila kuna jambo nimelirekebisha. Chiriku alikuwa na tabia ya kusikiliza watu wa huko kwenye simu yake, wanaongea mbiombio kama wanafukuzwa, yeye anaitikia na kuwaiga huku anaosha vyombo. Siku moja akaniuliza mbele ya wenzake: baba, huyu kasema nini? Nikamwambia hayo ni makelele, si lugha. Nimempokonya simu. Lugha inaingia kwa kalamu, na mfano tunao, ni wewe.

Lakini wasije wakasema namnyima mtoto mazoezi. Nimepanga hivi: Jumamosi ya tarehe 28, saa kumi kamili ya kwetu, Chiriku atakupigia kwa simu yake. Mzungumze lugha hiyo tu, dakika kumi, sauti tutaiweka juu darasa zima lisikie. Nimeshawaambia waje na ndugu zao wakitaka.

Mjomba wako, na kifua kimejaa

*

29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Naandika haraka. Nisamehe kwa jana. Laini ya huku ilikuwa mbovu, halafu kile kitundu cha kuongelea kwenye simu yangu kimekufa, nasikia lakini sisikiki. Nimeipeleka kwa fundi naye anasema itachukua muda. Naona tusipange tena mpaka nikuarifu.

Ukurasa wa kumi na moja umo ndani. Wasalimie wote, na waombe radhi wale waliokuja na ndugu zao.

Mpwa wako

*

30 Machi

Dada,

Hii barua baba haijui. Nimeiandika kwenye ngazi za nyuma na karatasi nimeichana kwenye daftari lake la mahudhurio, kwa hiyo ukiirudisha kwake tumekwisha wote wawili.

Juzi ulipokea. Nilisikia unapumua. Nilikuamkia kwa lugha yao, ukapumua. Nikakuuliza umeshindaje, ukapumua. Nikakusomea sentensi ya kwanza ya ukurasa wako wa tano, ile nzuri ya mvua kwenye madirisha, ukakata. Watu arobaini na moja kwenye uwanja wetu, Dada, wengine wameshika watoto. Baba akasema ni laini. Akaichukua simu akaitikisa, kama vile utadondoka. Kisha akawapa maelezo ya nusu saa juu ya minara ya simu, na mnara wenyewe hajawahi hata kuusogelea.

Mimi sikusema kitu. Unanijua mimi, basi ujue ilinigharimu.

Sikuandikii kukusuta. Nakuandikia kwa sababu tarehe 19 Juni napanda ndege. Nitapewa wazee. Mzee akiniambia usiku kifua kinambana, nitamfungulia ukurasa wa tano? Kurasa zako zote kumi nimezishika, naweza kuzisema nikiwa nimelala. Lakini kabla baba hajaninyang'anya simu nilikuwa nikisikiliza wale watu, na hakuna hata mmoja anayeongea kama wewe unavyoandika. Hata mmoja, Dada. Ama wewe umekuwa profesa, ama kuna kitu.

Niambie kweli. Ukinificha na huko nikaumbuka, au mtu akafa mikononi mwangu, tutakuwa wawili wa kulaumiwa.

Chiriku

*

15 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Naomba uisome hii peke yako kwanza, mpaka mwisho. Ukishamaliza, umpe Chiriku. Darasa ni shauri lako.

Simu yangu haina ubovu. Sikuipeleka kwa fundi yeyote.

Hakuna hata ukurasa mmoja kati ya kumi na moja niliouandika mimi. Huwa naandika kwa Kiswahili kwenye simu, ina programu ya kutafsiri, inageuza kabla sijafumba jicho. Halafu nakaa mezani na karatasi ya mistari nanakili kwa mkono, herufi moja moja, kama ulivyotufundisha. Lile neno nililolikata, ukalisifu, nililikata makusudi, ili ionekane ni mtu. Naandika haya masikio yananiwaka moto. Na mstari wa kumi na mbili, Mjomba, nisamehe kauli yangu, neno langu lilikuwa sahihi. Nililihakiki. Nikakuandikia asante.

Mwanzoni haikuwa hila. Ukurasa wa kwanza niliandika mwenyewe siku tatu, nikauona mbaya, nikaona haya kukutumia. Nikasema nitaupitisha kwenye simu mara moja tu. Ukanipa tisini na saba. Ningeanzia wapi kurudi sitini?

Sasa kazi. Nilisema ni ya mawasiliano. Hedifoni ninayovaa haina mtu ndani yake, ni mashine. Inaniambia: njia kumi na nne, rafu ya tatu, chukua sita. Mimi nasoma namba iliyobandikwa kwenye rafu ili ijue nipo penyewe, nachukua masufuria sita, nasema: tayari. Nisiposikia, nasema: rudia. Siku ya kwanza walinikalisha na kuiacha inisikilize nikitamka maneno arobaini, ili izoee sauti yangu. Hayo arobaini ndiyo lugha yangu yote ya kusema. Mwaka na nusu, Mjomba. Nikienda dukani naonyesha kwa kidole, au naandika kwenye simu naielekeza kwa muuzaji. Kwenye basi naweka kitu masikioni ili asije mtu akanisemesha.

Na Mama Mizani.

Simu zetu haturuhusiwi kuingia nazo, zinabaki kwenye makabati ya mlangoni. Alipoanguka nilikuwa na hedifoni tu. Nikanyanyua simu ya ukutani. Mwanamume akauliza kitu. Sikushika hata neno. Nikasema: rudia. Mashine ukiiambia rudia, inarudia vilevile, neno kwa neno, hata mara kumi. Mtu hafanyi hivyo. Mtu anabadilisha maneno akidhani anakusaidia, kwa hiyo kila nilipomwambia rudia alizidi kunipotea. Nikamwambia: njia kumi na nne, rafu ya tatu. Ndiyo mahali ninapopajua. Akauliza tena, nadhani aliuliza mji gani, mtaa gani, mgonjwa anapumua au hapumui. Nikamwambia: tayari. Mama Mizani yuko sakafuni ananiangalia kwa jicho moja, na mimi nasema: tayari, rudia, tayari. Na huku sikio la pili mashine inaniuliza kwa upole wake kwa nini sijachukua masufuria.

Juu ya ile simu kulikuwa na kadi yenye anwani ya bohari kwa herufi kubwa. Kusoma najua, kusoma ndicho kitu pekee ninachokijua. Mimi wa tisini na saba kwa mia sikuinua macho.

Nikaiacha simu inaning'inia nikakimbilia uani. Dereva mmoja wa lori alikuwa anafunga turubai. Nikamvuta mkono. Yeye ndiye aliyezungumza. Kisha akaondoka na mzigo wake, na msimamizi alipouliza nani kapiga simu, wenzangu walinitazama mimi. Nilikuwa nalia, wakadhani ni jibu. Dereva huja kila Jumanne. Hajasema kitu. Ananiinamishia kichwa tu, na afadhali angenitukana.

Mashine huandika muda ambao hukufanya kazi. Siku ile iliandika dakika kumi na moja. Daktari hasemi kama zingebadilisha kitu. Mama Mizani mkono wa kushoto umelala na maneno yamempotea, anaufungua mdomo linatoka jingine asilolitaka. Hakumbuki chochote. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono na mtoto wake akanishukuru. Nikaitikia. Mjomba, niliitikia zile shukrani, na kilemba kile cha ukoka nimekivaa mpaka leo.

Sikuandikii unisamehe. Nakuandikia kwa ajili ya Chiriku. Mrudishie simu yake. Yale makelele ndiyo lugha yenyewe. Kuandika, mashine itamwandikia. Kusoma, itamsomea. Kitakachobaki ni kile kinachotakiwa papo hapo, mtu yuko mbele yako na simu iko kabatini. Mimi hicho sina, na nimemwacha ajifunze kutoka kwangu.

Cheti nimekifungia sandukuni. Natamani ungenipiga kofi nikiwa karibu.

Mpwa wako

*

23 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika tarehe mosi. Nimeilalia siku ishirini na mbili, iko chini ya godoro.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilichukua kalamu nyekundu, ile ile, nikaanza kuisahihisha barua yako. Barua ya Kiswahili, ya mtoto wa dada yangu anayelia, na mimi natafuta koma. Nikafika pale ulipoandika kwamba neno lako la mstari wa kumi na mbili lilikuwa sahihi. Nikaiweka kalamu chini na sijaishika tena mpaka leo.

Mimi sikujua kama lilikuwa sahihi au la. Sasa umelisikia. Tangu ukurasa wa pili kurasa zako zilinizidi. Nilikuwa naona maneno ambayo sijapata kukutana nayo, natafuta kwenye kamusi yangu, nayo ni ya zamani, mengine hayamo. Ningekupa mia, ungedhani sikusoma. Ningekupa themanini, ungeniuliza kosa liko wapi. Tisini na saba ni alama ya mtu anayetaka kuonekana ameona kitu. Pambizo, koma, na neno moja la kubahatisha. Nimewapa hivyo wanafunzi wengi wazuri, na wabaya niliwapa themanini na nne.

Na ile barua ya mgeni kwenye fremu. Mnaijua nyote hadithi yake, mwaka aliozaliwa Chiriku, mgeni kutoka kwenye lugha yenyewe alikuja chuoni kutukagua, na mjomba wenu bahati mbaya alikuwa amepotelewa na sauti.

Sauti ilikuwepo. Nilimsikia yule mama akipanda ngazi anaongea na mkuu wa chuo, na nilisubiri nisikie ile lugha niliyoifundisha miaka kadhaa. Sikuisikia. Nilisikia mtu anasukutua. Aliponifikia akanipa mkono na kuniuliza kitu, na mkuu wa chuo ananitazama, na wenzangu wananitazama. Nikagusa koo. Nikatikisa kichwa. Kesho yake nikaja na kitambaa shingoni. Siku tatu, mpwa wangu. Tukaandikiana kwenye vikaratasi, yeye kwa mkono wake na mimi kwa mkono wangu mzuri, akastaajabu, akaniandikia ile barua ya sifa. Mke wangu alinichemshia maji ya chumvi siku zote tatu, akinilazimisha kusukutua, huku mtoto mchanga analia. Sikumwambia kweli hata usiku.

Ndiyo maana nilimnyang'anya Chiriku simu. Aliniuliza mbele ya darasa, huyu kasema nini, na nikawa tena pale kwenye ngazi.

Usidhani najitetea. Enzi yangu lugha ilikuja kwa bahasha. Ukiulizwa swali tarehe tano unajibu tarehe ishirini, umeshafungua kamusi mara mia, umeshanywa chai. Subira na mwandiko ndivyo vilivyotakiwa, navyo ninavyo. Ila bahasha ziliacha kuja zamani, na mimi nikaendelea kuwapeleka watoto wa watu huko na subira na mwandiko. Wangapi wamefika wakagusa koo? Hawanijulishi. Mtu hamwandikii mwalimu wake kumwambia hayo. Wewe ndiye wa kwanza.

Chiriku nimempa barua yako, nikamweleza na yangu. Alinyamaza. Kumbuka wewe mara ya mwisho Chiriku kunyamaza ilikuwa lini. Kisha akasema, baba, leta simu. Nimempa. Nimekwenda kwa wakala wake, safari imesogezwa mpaka Septemba. Mama yake naye anajua habari ya koo. Hajanisemesha tangu Jumatano, isipokuwa asubuhi ameniwekea glasi ya maji ya chumvi kando ya chai.

Darasa bado sijaliambia. Kila Ijumaa nafungua mdomo.

Mganga hajigangi. Sijui nikuambie nini kuhusu yule mama. Kamwambie kweli, nadhani. Mimi nilisubiri miaka ishirini na mbili na haikuwa rahisi zaidi.

Mjomba wako

*

9 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimekwenda.

Huwa nakwenda Jumapili. Kuna dada mmoja hapo hospitali anayewafundisha kusema upya wale waliopata kiharusi, ana kadi zenye picha: kikombe, mlango, kitanda. Anazitaja pole pole, Mama Mizani anarudia, na mimi nikikaa pembeni nilianza kurudia kimoyomoyo. Siku moja yule dada aliona midomo yangu inacheza, akanivutia kiti. Sasa tuko darasa moja, mimi na Mama Mizani. Kwenye kikombe tuko sawa. Kwenye vitenzi ananishinda.

Niliyaandaa maneno yangu mwenyewe, bila simu. Sentensi sita. Nikamwambia: siku ile sikusema. Mtu aliuliza, mimi sikujibu. Dereva alisema. Dakika kumi na moja. Mimi niliogopa. Mimi nilidanganya.

Akasema: rudia.

Sikuwa nimetamka vizuri, Mjomba. Nikayasema tena yote sita. Akatikisa kichwa, akasema: rudia. Sijui kama unaweza kuifikiria aibu ya kukiri kitu mara tatu kwa sababu hueleweki. Mara ya tatu niliyasema taratibu, nimemtazama usoni, na nikaona pale alipoelewa. Akaugeuza uso ukutani. Nikakaa mpaka wakati wa kutoka, hakugeuka.

Jumapili iliyofuata nilifika mlangoni nikasimama. Mtoto wake alikuwemo, naye ameshaambiwa. Hakunisalimu, akachukua koti lake akatoka nje. Mama Mizani aliniangalia, kisha kwa ule mkono mzima akakisukuma kiti. Hajaniambia amenisamehe. Huenda hajasamehe, au neno lenyewe bado halijamrudia, na mimi sijathubutu kumfundisha.

Cheti nimemrudishia msimamizi. Alitaka nieleze, nikaeleza kwa mdomo, na sasa wenzangu wengine hawakai nami mezani. Dereva wa Jumanne anakaa.

Nakutumia kadi ndogo ya simu, Chiriku anajua pa kuichomeka. Nilimwomba Mama Mizani aongee, nikamweleza ni kwa ajili ya nani. Ni dakika mbili. Kasoma kidogo, kasimulia kidogo habari za mizani yake, kuna mahali anakwama na kutukana. Anaongea taratibu kuliko watu wote wa huku, kwa hiyo pa kuanzia ni hapo.

Mpwa wako

*

30 Juni

Mpwa wangu,

Ijumaa iliyopita nimesema. Nilisimama chini ya fremu, nikaona haifai, nikaishusha kwanza. Ukuta nyuma yake ni mweupe kuliko kwingine, pamebaki alama ya mraba. Nikawaambia yote, kitambaa, vikaratasi, kurasa zako, watu arobaini na moja. Mmoja wa nyuma aliuliza kama watarudishiwa ada. Nikamwambia anayetaka aje. Saba hawajarudi. Waliobaki hawajui waniangalie wapi, nami hivyo hivyo. Sasa asubuhi ni Chiriku anayefundisha na ile simu yake, na mimi nimekaa benchi la mbele kwa sababu ya masikio.

Dakika mbili za Mama Mizani nimezisikiliza mara kumi na nne. Chiriku alinitaka niandike ninachosikia, neno kwa neno, bila kamusi, na alisimama juu ya kichwa changu kuhakikisha. Mwanzo nilisikia kule kusukutua. Mara ya nne nikalisikia neno moja, moja tu, limetoka peke yake safi kabisa, na ni neno ninalolifundisha kila mwaka somo la pili. Nikalia, mbele ya watoto wa watu. Kumbe ndivyo linavyosemwa.

Ukurasa wangu umo ndani. Nimeacha pambizo ya kutosha. Usinihurumie. Tafuta kalamu nyekundu.

Mjomba wako

*

17 Julai

Shikamoo Mjomba,

Umepata thelathini na nne kwa mia.

Sikukata kwa koma. Nimekata pale ulipoandika sentensi nzuri ambayo yeye hakuisema. Ulisikia mwanzo wake, mwisho ukautunga. Hilo usifanye. Pasiposikika, acha wazi. Mimi nimeanza kufanya hivyo kwenye basi, naacha wazi, mtu anaendelea, na mara nyingine pengo linajazika lenyewe. Yale matusi umeyapata yote, Mama Mizani amefurahi sana.

Tumesahihisha pamoja, karatasi iko juu ya kitanda chake. Wino ni wangu. Lakini lile neno moja la chini kabisa, lililoandikwa kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka, si mwandiko wangu. Ameomba kalamu mwenyewe. Limemchukua muda, na jasho lilimtoka. Nilitaka kumwambia kwamba wewe ni mtu mzima, ni mwalimu, pengine angeweka neno jingine la heshima zaidi. Akanitazama, nikaikunja karatasi.

Utalisoma mwenyewe, lakini nalitaja ili Chiriku asije akakuficha. Ameandika: RUDIA.

Mpwa wako